Serenity: dakika 119 za kumalizia tamthilia iliyokatwa njiani

Kwanza swali linaloulizwa kila mara: je, mtu anaweza kuitazama filamu ya Serenity bila kuiona Firefly, tamthilia iliyoitangulia? Anaweza, na ataelewa. Ataona filamu nzuri ya anga za juu yenye mapigano, maneno ya kuchekesha na adui mpole anayetisha kuliko maadui wenye kelele. Ila ikifika robo ya mwisho litatokea jambo, naye atalipita kama ajali ya kawaida huku mwenzake kwenye kochi amejishika kichwa. Uzito wa jambo lile umewekwa akiba kwenye episodi 14 za tamthilia, na asiyeweka akiba hana cha kutoa. Kwa hiyo hapa filamu inapimwa kwa jinsi ilivyo: nusu ya pili ya kazi moja iliyokatwa katikati.

Firefly ilibuniwa na Joss Whedon, na ilianza kurushwa na kituo cha Fox cha Marekani usiku wa Ijumaa, tarehe 20 Septemba 2002. Miaka mia tano ijayo binadamu wameiacha Dunia iliyochakaa na kuhamia mfumo mwingine wa jua, wakazitengeneza sayari zake ziwe na hewa na udongo wa kuishi watu. Sayari za katikati ni tajiri, zinang'aa, na ziko chini ya serikali iitwayo Alliance. Za pembezoni ni vumbi, farasi na bastola za risasi. Malcolm Reynolds, sajenti wa upande ulioshindwa vitani, ananunua chombo chakavu cha mizigo, anakipa jina la bonde walikomalizwa wenzake, na anaishi kwa kubeba shehena za halali na za magendo. Ndani wamo watu tisa: nahodha Mal, Zoe aliyepigana vita pamoja naye, Wash, mume wa Zoe na rubani, Kaylee fundi wa injini, Jayne mwenye silaha na tamaa, Inara anayeuza faraja kwa matajiri na kuheshimiwa kuliko wote, mchungaji Book, na ndugu wawili wanaosakwa na serikali, daktari Simon na mdogo wake River, msichana aliyechezewa ubongo.

Fox hawakuridhika na episodi ya kwanza ya saa mbili. Wakaiweka kando, wakaanza na ya pili, The Train Job, na zilizofuata wakazirusha zikiwa zimechanganywa. Mpaka tamthilia inafutwa Desemba 2002 zilikuwa zimeonyeshwa 11 tu, na ya mwisho kati ya hizo, tarehe 20 Desemba, ndiyo ile iliyotakiwa kuwa ya kwanza. Ni sawa na kusomewa utenzi kuanzia katikati, halafu dibaji ije watu wakiwa wameshasimama kuondoka. Trash, The Message na Heart of Gold hazikurushwa kabisa katika mzunguko ule.

Kilichoiokoa hadithi ni DVD. Mnamo Desemba 2003 episodi zote 14 zilitoka kwa mpangilio wake, zikauzwa kwa wingi, na studio ya Universal wakanunua haki za kutengeneza filamu. Jina la Firefly halikuja nalo. Filamu ikachukua jina la chombo. Upigaji picha ulianza Juni 2004 kwa bajeti ya takriban dola milioni 39, na filamu ikaingia kwenye kumbi za Marekani tarehe 30 Septemba 2005. Waigizaji wote tisa walirudi. Hilo peke yake ni jambo la kushukuru, maana kikosi cha tamthilia iliyofutwa hutawanyika haraka kila mtu akatafute riziki kwingine. Seti ya chombo haikuwepo tena, hivyo mafundi waliijenga upya katika muda wa wiki 14 hivi, wakizitumia picha za DVD kama ramani.

Tazama sasa kazi ya dakika kumi za mwanzo, kwa kuwa hapo ndipo filamu za aina hii huanguka. Mwandishi ana hadhira mbili kwenye ukumbi mmoja. Wapo wanaojua hata rangi ya kikombe cha Kaylee, na wapo walioingia kwa sababu filamu nyingine ilikuwa imejaa. Akieleza sana, wale wa kwanza watasinzia. Akinyamaza, wa pili watapotea. Whedon, ambaye hapa ni mwandishi na mwongozaji pia, analitatua kwa kufungua masanduku, moja ndani ya jingine. Sauti ya mwanamke inasimulia jinsi binadamu walivyohama. Kumbe ni mwalimu anayefundisha watoto. Kati yao yumo River mdogo, ambaye anasema watu wa pembezoni hawapendi kuingiliwa maisha yao. Mwalimu anamchoma kalamu kwenye paji la uso, na kumbe darasa lenyewe ni ndoto: River ni binti mkubwa, amefungwa kwenye kiti cha maabara, sindano kichwani. Simon anamtorosha. Picha inaganda. Kumbe hata utoroshaji ule ni rekodi ya zamani, na mbele yake amesimama mtu anayeitazama kwa utulivu, wakala wa serikali asiye na jina wala cheo.

Mtazamaji mpya ameshapewa historia ya miaka mia tano, siasa ya Alliance, mateso ya River, mapenzi ya Simon kwa mdogo wake na sura ya adui, na hakuna aliyesimama kumhutubia. Mtazamaji wa zamani naye hajachoshwa, kwa sababu kila sanduku linamwonyesha kitu ambacho tamthilia ilikitaja tu bila kukionyesha.

Kisha linakuja jina la filamu, limeandikwa ubavuni mwa chombo, na kipande cha bati kinang'oka chombo kikiingia angahewa. Kamera inaingia ndani na kwa zaidi ya dakika nne haikatwi. Mal anatoka kwa rubani, anapita korido, anamkuta Jayne na silaha zake, anamsikiliza Kaylee kwenye injini, anashuka ngazi akibishana na Simon, mpaka sehemu ya mizigo ambako River amelala akiwa amesikia kila kitu. Mkato upo mmoja, umefichwa pale kamera inaposhuka, kwa kuwa ghorofa mbili za seti zilijengwa kila moja mahali pake. Faida ya shoti hii si urembo. Ikiisha, mtazamaji anajua nani yuko wapi na nani amemchoka nani, na ameelewa kwamba chombo hiki ni nyumba. Mpiga picha ni Jack Green, aliyezoea kazi za Clint Eastwood, na uzoefu huo wa filamu za farasi na vumbi unaonekana katika mwanga wa kahawia uliomo ndani ya chombo.

Wizi wa benki kwenye sayari ya Lilac na mbio zinazofuata ndiyo sehemu bora ya mapigano katika saa ya kwanza. Wale Reavers, watu waliogeuka wanyama, wanaobaka, wanaokula nyama za watu na kujichana ngozi, katika tamthilia walionekana kwa mbali sana. Hapa wanakuja mchana kweupe. Gari linaloelea la Mal halina magurudumu, lakini halikutengenezwa lote kwa kompyuta. Lilibebwa kwa mkono wa chuma uliotokeza kwenye lori, likakimbizwa kwenye barabara halisi kaskazini mwa Los Angeles, na ule mkono ukafutwa baadaye. Ndiyo maana vumbi, upepo kwenye nywele na mtikisiko wa waliokaa juu vinaaminika. Kumbuka mambo mawili ya eneo hili, yatarudi. La kwanza, mtu wa kijijini anaomba kupakiwa na Mal anamsukuma, chombo kisielemewe. Reavers wanapomkamata, Mal anampiga risasi ili asipate mateso. La pili, Jayne anachomwa mguuni na chusa linalovutwa kwa kamba.

Kuanzia hapa ni kumwaga mchele kwenye kuku wengi. Asiyetaka kufichuliwa hadithi aruke mpaka aya inayoanza na neno "Mpangilio".

Tamthilia iliacha madeni mengi. River alifanywa nini, na kwa nini? Reavers wametoka wapi? Book alikuwa nani kabla ya kushika Biblia? Inara ana siri gani? Simon na Kaylee watafika wapi? Hayo ni mambo ya misimu mitatu minne ya televisheni, na filamu ina dakika 119. Aliyejaribu kuyalipa yote angelipa kila deni nusu. Whedon alichagua mawili ya kwanza, na uhodari wake ni kuyafanya yawe deni moja.

Katika tamthilia, Reavers wanaelezwa kama watu waliofika ukingoni mwa anga, wakakutana na utupu na kupata wazimu. River anaelezwa kama msichana aliyeharibiwa na visu vya madaktari. Ni vitu viwili visivyojuana. Filamu inasema: River anasoma mawazo ya watu, na siku moja wakubwa wa serikali waliletwa mbele yake kumwangalia kama wanavyoangalia bidhaa. Katika vichwa vyao kulikuwa na neno moja, Miranda. Hiyo ni sayari ya watu milioni 30 iliyofutwa kwenye ramani. Serikali iliweka dawa iitwayo Pax kwenye mitambo ya kusafisha hewa ili kuwaondolea watu ukali. Ilifanya kazi kupita kiasi. Watu waliacha kugombana, wakaacha kwenda kazini, wakaacha kula, mwisho wakaacha hata kupumua. Walijilaza pale walipokuwa wakafa. Kwa sehemu ndogo, mmoja kati ya elfu hivi, dawa ilifanya kinyume, ikauongeza ukali mpaka ukapita mipaka. Piga hesabu: ni watu 30,000. Hao ndio Reavers.

Kwa hiyo wazimu wa River na wazimu wa Reavers umetoka kwenye mkono mmoja, mkono uliotaka kuwafanya watu wawe wema kwa nguvu. Na maneno ya mtoto darasani kuhusu kuingiliwa, yaliyoonekana kama mazungumzo tu, ndiyo shina la hadithi nzima. Mal na wenzake wanaipata siri hiyo kwenye rekodi ya mwanasayansi wa kikosi cha uokoaji, na muda wote uliobaki nguvu zao zote zinakwenda kwenye kuirusha ionwe na kila sayari. Hapo ndipo ule mwanzo wa masanduku unapoonyesha kazi yake. Filamu inaanza na rekodi inayotazamwa na mtu mmoja kwa siri, na inafikia kilele kwa rekodi inayotazamwa na watu wote, yule yule mtu wa kwanza akiwa kati yao.

Mtu huyo anachezwa na Chiwetel Ejiofor, mzaliwa wa London wa wazazi wa Kinigeria, miaka minane kabla filamu kubwa ya utumwa haijampa jina duniani. Anastahili aya yake. Hapandishi sauti. Anampooza mtu kwa kumgusa mshipa mgongoni, anasimamisha upanga chini, na anazungumza na anayekufa kwa upole kama muuguzi. Anaamini kwamba anajenga ulimwengu bora, na anakubali wazi kwamba yeye mwenyewe, kwa aliyoyatenda, hatakuwa na nafasi ndani yake. Adui anayetaka fedha unaweza kumhonga. Huyu hataki chochote. Na ndiyo maana hapigwi na risasi. Anashindwa kwa kuonyeshwa Miranda, kwa kuondolewa kile anachokiamini. Ni mwisho adimu kwa filamu ya mapigano, na Ejiofor anaubeba kwa uso tu.

Ili kuifikia Miranda lazima wapite katikati ya meli za Reavers. Mal anaamuru Serenity ivishwe sura ya meli ya Reavers: rangi nyekundu, mitambo iachwe ivuje, na maiti za marafiki zao waliouawa na Wakala zifungwe juu ya bodi. Wafanyakazi wanagoma, naye anawatolea bastola. Watazamaji wengi wa tamthilia walichukizwa na Mal huyu mkali, na inafaa kusema wazi: ni mkali kuliko alivyokuwa mwishoni mwa episodi ya 14. Lakini filamu inauhitaji ugumu huo. Nahodha aliyemsukuma mtu wa Lilac hawezi kuwa yule yule anayehatarisha wote ili waliokufa Miranda wasikike. Safari ya kutoka hapo mpaka pale ndiyo filamu. Angeanza akiwa mwema, pasingekuwa na mahali pa kwenda.

Sasa kifo cha Wash. Rubani ameishusha meli iliyokatika mabawa, imesimama, watu wanapumua, na chusa la Reavers linapita kioo na kumtoboa kifua. Hakuna muziki wa kuandaa machozi wala maneno ya kuaga. Wapo ambao mpaka leo hawajaisamehe filamu kwa hilo, na hasira yao inaeleweka, kwani Wash ndiye aliyekuwa na ucheshi na ndoa yenye furaha. Lakini si kifo cha kubahatisha. Chusa tumelionyeshwa kwenye mguu wa Jayne, tunajua linavyofanya kazi. Na kiufundi, bila kifo kile dakika zinazofuata zingekuwa mchezo wa kawaida ambao steringi na wenzake hawafi. Baada ya Wash kanuni hiyo imevunjika. Zoe anapochanwa mgongo, Kaylee anapochomwa vishale vya sumu shingoni, Simon anapopigwa risasi ya tumbo na mfuko wake wa dawa umebaki upande wa pili wa mlango, mtazamaji anaamini kabisa kwamba hakuna atakayetoka. Gina Torres, kama Zoe, analia sekunde chache tu kisha anashika bunduki, na uso wake baada ya hapo ni somo kwa mwigizaji yeyote.

River anapojirusha nje ya mlango unaofunga ili kuwakabili Reavers peke yake, faida ya kumchagua Summer Glau inaonekana wazi. Alisomea baleti, na mwili unaopigana ni wake. Kamera haihitaji kukatakata ili kuficha mtu wa kuigiza badala yake. Linganisha na pigano la kwanza la baa ya Maidenhead, ambapo tangazo la vitafunwa kwenye skrini linamwamsha kama mtu aliyepagawa. Kule mwili unatumiwa na wengine. Huku anaamua mwenyewe.

Kasoro zipo, na si ndogo.

Book amedhulumiwa kuliko wote. Anaonekana mara mbili kwenye makazi ya Haven, anatoa ushauri, anauawa, na siri yake anakwenda nayo. Ron Glass, anayemcheza, alikuwa na uzito wa kuibeba nusu ya filamu. Inara naye analetwa kama mtego wa kumnasa Mal, halafu anabaki pembeni na upinde. Mr. Universe, kijana mwenye mitambo ya kunasa matangazo yote ya anga, ni rahisi mno: kila panapohitajika taarifa au kipaza sauti, yupo. Simon na Kaylee wanaharakishwa.

Kuna pia mgongano ambao mwenye kumbukumbu ataukamata mara moja. Katika tamthilia Simon anaeleza kwamba alilipa watu wa siri, nao wakamtoa River na kumleta akiwa amegandishwa kwenye sanduku. Katika filamu anaingia maabara mwenyewe kwa kujifanya mkaguzi. Unaweza kuviunganisha kwa kusema wale watu walimsaidia kuingia, lakini ni kiraka. Wanaume wenye glavu za bluu waliokuwa wakimwinda River wametoweka bila neno. Kazi ya kuwaondoa ilipewa katuni ya vitabu vitatu, Those Left Behind, iliyotoka 2005 kabla ya filamu. Si haki kwa mnunuzi wa tiketi kulazimika kutafuta katuni ili ajue adui wa zamani amekwenda wapi.

Tamthilia ilikuwa na kanuni moja nzuri sana: nje ya chombo hakuna sauti, kwa kuwa hakuna hewa ya kuibeba. Filamu inailegeza kwenye vita kubwa ya Reavers na Alliance, iliyowekwa ndani ya wingu la ayoni. Vita inapendeza, ila ule ukimya ulikuwa sahihi ya kazi hii. Gitaa na fidla za Greg Edmonson, mtunzi wa muziki wa tamthilia, nazo zimepungua. Muziki wa filamu ni wa David Newman, mzuri na wa okestra zaidi. Wimbo wa tamthilia unasikika kwa gitaa mwishoni kabisa mwa majina, basi usizime mapema.

La mwisho linahusu kazi yote, si filamu peke yake. Ulimwengu huu umejengwa juu ya dhana kwamba Marekani na China ndizo zilizobaki, na wahusika wanatukana na kushangaa kwa Kichina katikati ya Kiingereza. Kwa masikio yaliyozoea Sheng uchanganyaji huo unaingia vizuri kabisa. Ndivyo watu wanavyozungumza mahali ambapo lugha mbili zimeishi pamoja. Lakini kati ya wale tisa hakuna hata mmoja mwenye asili ya Asia. Lugha imechukuliwa, wenyewe wameachwa nje.

Mpangilio wa kutazama ni huu. Fuata mpangilio wa DVD, si wa kurushwa: anza na Serenity, episodi ya saa mbili yenye jina sawa na filamu (angalia usizichanganye unapotafuta), halafu The Train Job, Bushwhacked, Shindig, Safe, Our Mrs. Reynolds, Jaynestown, Out of Gas, Ariel, War Stories, Trash, The Message, Heart of Gold, na umalize na Objects in Space. Kila moja ni kama dakika 44, hivyo tamthilia nzima haizidi saa 11. Wikiendi mbili zinatosha. Asiye na muda achukue sita: ile ya kwanza, Bushwhacked kwa ajili ya Reavers, Out of Gas kwa ajili ya chombo na jinsi kila mmoja alivyoingia, Ariel ambapo Simon anagundua kilichokatwa kwenye ubongo wa River, War Stories ambapo River anapiga risasi tatu amefumba macho, na Objects in Space. Bila War Stories pigano la Maidenhead litaonekana limetoka hewani. Vile vipande vitano vifupi vya mahojiano ya River vilivyowekwa kwenye intaneti kabla ya filamu kutoka, ambavyo Whedon mwenyewe anacheza daktari anayehoji, vitazame baada ya filamu.

Weka maandishi ya Kiingereza chini ya picha hata kama Kiingereza chako ni kizuri. Mal na Zoe wanazungumza Kiingereza cha shamba cha kale, maneno yamepinduliwa, na utani mwingi uko kwenye neno moja linalopita haraka. Kwa sababu hiyo hiyo filamu hii haifai sana kutazamwa na DJ wa kutafsiri akizungumza juu yake. Mapigano yatabaki, vichekesho vitakufa.

Anayenunua diski achunguze alama ya kanda, yaani eneo la dunia ambalo diski imetengenezewa. DVD ya Marekani ni kanda 1. Ya Uingereza, Oman na nchi nyingine za Ghuba ni kanda 2. Afrika Mashariki imepangiwa kanda 5. Deki inayoheshimu kanda itakataa diski ya ndugu aliyeinunua Marekani, ingawa deki nyingi za bei nafuu husoma zote. Kwa Blu-ray, Afrika, Ulaya na Ghuba ziko kanda moja, B, na Marekani ni A. Diski za 4K, zilizotoka 2017, hazina kanda, lakini deki ya kawaida ya Blu-ray haizisomi. Usishtuke pia DVD ya mfumo wa PAL ikionyesha dakika 114 badala ya 119, hakuna kilichokatwa. Inakimbia picha 25 kwa sekunde badala ya 24, kwa hiyo inamaliza mapema na sauti inapanda kidogo. Kama una nafasi ya kuchagua, chukua Blu-ray: sehemu za ndani ya chombo zina giza jingi, na kwenye DVD giza hilo linakuwa tope. Maelezo ya sauti ambayo Whedon anayatoa huku filamu ikiendelea yasikilize ukishaitazama mara mbili.

Kibiashara filamu haikufaulu. Wikiendi ya kwanza Marekani iliingiza dola milioni 10.1, nchini humo ikaishia milioni 25.5, na dunia nzima kama milioni 40. Karibu nusu ya fedha za tiketi hubaki kwa wenye kumbi, na matangazo ni gharama ya kando, kwa hiyo kurudisha kiasi kile kile cha bajeti ni hasara. Jina lisilosema kitu kwa mgeni na kukosekana kwa nyota mkubwa kwenye bango kuliiumiza. Sehemu ya pili haikutengenezwa. Heshima ilikuja kwa njia nyingine: tuzo mbili za hadithi za kisayansi, Hugo ya 2006 kwa filamu na Nebula kwa mswada, na Juni 2007 mwanaanga Steven Swanson alipanda na diski za tamthilia na filamu hadi kituo cha anga za juu. Mashabiki, wanaojiita Browncoats kwa makoti ya jeshi la Mal, walianza 2006 kuandaa maonyesho ya filamu hii ya kuchangia Equality Now, shirika la haki za wanawake na wasichana ambalo lina ofisi Nairobi pia.

Atakayemaliza na kutaka zaidi aende kwenye katuni. The Shepherd's Tale ya 2010 inalipa deni la Book, kwa kusimulia maisha yake kuanzia kifo kurudi utotoni. Leaves on the Wind ya 2014 inaanza pale filamu ilipoishia, Zoe akiwa mjamzito.